Tundu la katikati ya ganda

Katika karakana nyingi za nyumbani huko Marekani kuna kifaa kidogo kinachofungwa ukingoni mwa meza, mfano wa kerezo ya mkono. Kazi yake ni kupunguza urefu wa ganda la risasi lililokwisha kutumika, ili lijazwe tena. Bunduki ikifyatuliwa shaba ya manjano hutanuka, na ganda likibanwa lirudie umbo lake, madini husogea kuelekea shingoni. Ganda la .30-06, lililoingia jeshini mwaka 1906, halitakiwi kuzidi milimita 63.35; likizidi, mdomo wake hubanwa ndani ya chemba na mgandamizo hupanda mno. Wenye maganda mamia huchoka kuzungusha, wakang'oa mkono wa kifaa na kufunga keekee ya umeme mahali pake. Husemwa kwamba desturi hii ya kujijazia risasi ni mtoto wa kubana matumizi. Lakini wabanaji wako kila nchi. Kilichowapa Wamarekani wepesi ni umbo la ganda lenyewe.

Mwaka 1866 watu wawili walijibu swali moja kwa njia mbili: fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti, ipigwe dhidi ya nini? Hiram Berdan, kamanda wa walenga shabaha katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliiweka fuawe kwenye ganda lenyewe, na moto ukapita kwenye vitundu pembeni mwake. Edward Boxer, ofisa wa Kiingereza aliyesimamia maabara ya kifalme ya Woolwich, aliitia fuawe ndani ya fataki na kuacha tundu moja katikati. Kwa ganda la Boxer, sindano ikishushwa kupitia mdomoni huing'oa fataki kuukuu kwa pigo moja. Kwa la Berdan, sindano hiyo hugonga fuawe. La kuchekesha ni kwamba Ulaya ilikumbatia zaidi mtindo wa Mmarekani, na Marekani ukatamalaki ule wa Mwingereza.

Mtu atapinga: wawindaji wa nyati wa nyanda za Marekani miaka ya 1870 walijaza upya hata maganda ya Berdan. Kweli, ila hao waliishi kwa bunduki, mbali na maduka, na kazi ya kuchokoa fataki haikuwa shida mbele ya faida ya ngozi. Raia wa kawaida asingejisumbua hivyo kwa ajili ya mazoezi ya Jumamosi. Pingamizi la sheria kali za Ulaya lina uzito zaidi, nami silikatai. Lakini sheria hueleza nani amekatazwa, haielezi kwa nini aliyeruhusiwa aliona kazi ni nyepesi. Wepesi huo hata uligeuzwa biashara: kufikia 1884 John Barlow alikuwa ameanzisha kampuni ya Ideal huko Connecticut, akiuza koleo lililofanya karibu hatua zote za kujaza. Kupunguza urefu kulikuja kuwa kazi ya lazima baadaye, baruti isiyo na moshi ilipoleta mgandamizo mkubwa na maganda yenye shingo nyembamba. Yale ya zamani yaliyonyooka, yaliyojazwa baruti nyeusi, yalirefuka kidogo tu.