Mfungwa Ana Daftari, Muungwana Hana

Mwaka 1834 meli iitwayo Dart iliingia bandari ya Sydney ikitoka Mauritius. Miongoni mwa waliokuwamo walikuwa watoto wawili wa kike, Constance na Elizabeth. Mdogo alikuwa hajatimiza miaka kumi, mkubwa alikuwa na kama kumi na miwili. Walikuwa watumwa wa nyumbani, na mahakama ilikuwa imewatia hatiani kwa kujaribu kumpa bibi yao sumu. Hukumu yao ilikuwa kuhamishiwa ng'ambo maisha. Mwaka uliofuata utumwa ulipigwa marufuku Mauritius, lakini wao walikuwa wamekwisha kuandikwa wafungwa wa New South Wales, na wafungwa wakabaki.

Watumwa wa Mauritius walitoka zaidi Madagaska na pwani ya Msumbiji. Wengine walipakiwa Kilwa, ambako mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alifunga mkataba na sultani mwaka 1776 ili auziwe watu 1,000 kila mwaka. Wengi wa watu hao hakuna leo ajuaye majina waliyopewa na mama zao. Constance na Elizabeth wanajulikana kwa sababu walishtakiwa. Kesi ilizaa jalada, jalada likawafuata melini, na Sydney wakafunguliwa ukurasa mpya.

Ndivyo ilivyo historia ya Australia ya kikoloni kwa yeyote anayeifuatilia kwenye nyaraka: aliyefungwa ndiye aliyeandikwa zaidi. Mtu huru angeweza kushuka melini, akalima, akazaa, akafa, na asiache zaidi ya mistari miwili.

Meli 11 za kwanza ziliondoka Portsmouth, Uingereza, Mei 1787 chini ya Gavana Arthur Phillip, zikafika Australia Januari 1788. Kuanzia hapo hadi Januari 1868, meli ya mwisho, Hougoumont, ilipotia nanga Fremantle, wafungwa wapatao 162,000 walikuwa wamevushwa bahari, wengi wao kwa makosa ya wizi. Serikali iliyowamiliki ilihitaji kujua yupi ni yupi, yuko kwa nani na kifungo chake kinaisha lini. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho hapakuwa na kamera, kwa hiyo karani aliandika mwili. Kimo, rangi ya macho, kovu juu ya nyusi, jino lililong'oka, nanga iliyochorwa mkononi, herufi za jina la mpenzi aliyeachwa nyumbani. Lengo lilikuwa kumtambua akitoroka. Leo kitukuu aliye Perth au Hobart anaweza kuusoma uso wa babu yake ambaye hakuwahi kupigwa picha.

Rekodi za Tasmania, enzi hizo ikiitwa Van Diemen's Land, ndizo tajiri kuliko zote. Kila mfungwa alikuwa na nafasi yake kwenye madaftari makubwa ya mwenendo. Alipofika aliulizwa ametenda kosa gani, na jibu lake likaandikwa pembeni ya maelezo yaliyotoka mahakamani, kiasi kwamba mara nyingine mtu anasikika akijieleza mwenyewe. Chini yake hufuata miaka ya adhabu: viboko, kufungiwa peke yake, kazi ngumu kwa kosa la ulevi au kumjibu bwana vibaya. Kisha, kwa waliobahatika, huja kibali cha kujitafutia kazi kabla ya kifungo kwisha, ruhusa ya kuoa, msamaha wa masharti, na hatimaye cheti cha uhuru. Mwaka 2007 UNESCO iliziingiza rekodi za wafungwa wa Australia kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Zilistahili.

Humo yumo William Cuffay, fundi cherehani wa London, aliyezaliwa Chatham mwaka 1788, mwana wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa huko St Kitts. Alikuwa kiongozi wa Wachatisti, wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura, na mwaka 1848 alihukumiwa kuhamishwa maisha. Kimo chake kilikuwa futi 4 na inchi 11. Alifika Hobart mwaka 1849, akasamehewa mwaka 1856, akaendelea na siasa za wafanyakazi huko huko, akafa mwaka 1870 katika nyumba ya kutunzia maskini. Kiongozi aliyetikisa jiji kuu la dola ya Kiingereza anafuatiliwa hatua kwa hatua kwa kalamu za wale waliotaka kumnyamazisha.

Dawid Stuurman naye. Kiongozi huyu wa Wakhoi wa Afrika Kusini alitoroka mara mbili kutoka kisiwa cha Robben kabla Waingereza hawajaamua kumpeleka mahali ambapo mtumbwi haungemrudisha. Alifika Sydney mwaka 1823, akapewa kibali cha kujitafutia kazi mwaka 1829, akafa mwaka uliofuata. Makaburi alikozikwa yaliondolewa baadaye kupisha kituo kikuu cha reli cha Sydney. Mwaka 2017 wazao wa jamii yake walisafiri hadi huko wakafanya tambiko la kuirudisha roho yake kwao, na tangu 2021 uwanja wa ndege wa mji wa Gqeberha huko kwao una jina lake. Bila makaratasi ya magereza, wasingejua waende kuiita wapi.

Anayemtafuta babu yake huanzia mwisho, kwenye cheti cha kifo au cha ndoa, akarudi nyuma. Anachohitaji kuliko jina ni meli na mwaka wa kufika, kwa kuwa nyaraka za wafungwa zilipangwa kwa meli. Jina pekee hupotosha. Makarani waliandika walivyosikia, na wafungwa walikuwa na sababu zao za kubadili. Mary Haydock wa Lancashire alikamatwa na farasi wa wizi akiwa amevaa kiume na kujiita James Burrow. Alifika Sydney mwaka 1792, akaolewa na kuitwa Mary Reibey, akawa mmoja wa wafanyabiashara matajiri wa koloni. Sura yake iko kwenye noti ya dola 20. Mwaka 1820 alizuru Uingereza, akarejea mwaka uliofuata kama abiria aliyelipa nauli. Basi sensa ya mwaka 1828, iliyohesabu zaidi ya watu 36,000, ilipomuuliza alikujaje, alijibu kwamba alikuja huru, mwaka 1821. Kwa safari hiyo ya pili, ilikuwa kweli. Anayesoma sensa hiyo bila kuilinganisha na orodha ya meli ya mwaka 1792 atamkosa mfungwa kabisa.

Kumtafuta askari ni kazi nyingine. Jeshi la Uingereza halikupanga watu wake kwa koloni bali kwa rejimenti, kwa hiyo asiyejua babu yake alikuwa rejimenti ipi hana pa kuanzia. Akishaijua, madaftari ya mishahara yaliyoko London humwonyesha askari huyo robo mwaka hadi robo mwaka: yuko zamu, yuko hospitalini, yuko rumande. Kuanzia 1948 wapiga picha wa nyaraka walizinakili kumbukumbu za aina hii kwenye mikanda ya mikrofilamu zaidi ya 10,000, na sasa zinasomwa bure kwenye intaneti. Hata hivyo daftari la mshahara halina uso wala maneno ya mtu.

Mwaka 1826 askari wawili wa Rejimenti ya 57, Joseph Sudds na Patrick Thompson, waliingia dukani Sydney wakaiba kitambaa waziwazi ili wakamatwe. Walikuwa wamewaona wafungwa waliomaliza kifungo wakistawi, wakaona heri ufungwa kuliko uaskari. Gavana Ralph Darling, akihofia kikosi kizima kitawafuata, aliwavua sare mbele ya wenzao na kuwafunga minyororo yenye kola za chuma shingoni. Sudds alikufa siku chache baadaye. Magazeti yalimshambulia gavana, barua zikaenda na kurudi London kwa miaka, hata uzito wa vyuma ukabishaniwa. Askari wa kawaida aliyekuwa mstari mmoja kwenye daftari la mshahara akawa na mafaili, na ilimgharimu maisha.

Walowezi huru walioletwa kwa nauli ya serikali waliorodheshwa vizuri: kwao, wazazi wao, dini, kama wanajua kusoma. Waliojilipia nauli hawakuchunguzwa. Gazeti lingetaja mabwana wa vyumba vya juu, na wa daraja la chini wakatajwa kwa idadi tu. Wengine huonekana kwa sababu walimwandikia gavana kuomba ardhi. Na makaratasi ya sensa ya mwaka 1881 yaliteketea Septemba 1882 jengo la Garden Palace lilipoungua Sydney.

Wenyeji asilia, waliopoteza ardhi ambayo walowezi waliiomba, ndio walioandikwa kidogo kuliko wote, na hili linauma. Hata hivyo baadhi yao walifanywa wafungwa katika nchi yao wenyewe, kama Musquito, aliyepelekwa kisiwa cha Norfolk mwaka 1805 na kunyongwa Hobart mwaka 1825. Wengine wamo kwenye karatasi ambazo hakuna aliyezitarajia kuwa na maana: orodha za blanketi. New South Wales iligawa blanketi kila mwaka, na mahakimu wa vijijini wakaandika nani kapokea, jina alilopewa na Wazungu, jina lake la kwao, umri, na sehemu anayoishi. Tangu sheria ya mwaka 1993 iliyotambua haki ya wenyeji asilia juu ya ardhi zao, familia zinazodai ardhi hutakiwa kuonyesha nasaba, na wanahistoria wanaozisaidia wamezirudia orodha hizo, jina kwa jina.