Kilio cha Usiku Mmoja: Ibra ya Wapelelezi wa Nabii Musa (A.S.)

Hakuna nyumba ya Kiislamu katika pwani yetu isiyojua maana ya juzuu. Mtoto akipelekwa chuoni huanza na alifu, akaendelea mpaka Juzuu Amma, na Mwenyezi Mungu akimjaalia akakhitimu. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, misikiti mingi husomwa juzuu moja kila usiku, ili mwezi ukimalizika juzuu zote 30 ziwe zimetimia. Na akiondokewa mtu na mzazi wake, jamaa hukaa wakagawana juzuu, wakamkhitimia maiti wao kwa kikao kimoja. Kwa hivyo kukigawa Kitabu mafungu, ili kisomwe chote na kisiwe pambo la rafuni, ni jambo tulilolizoea.

Mayahudi nao wana mpango unaokaribiana na huo. Taurati waliyo nayo, yenye vitabu vitano, wameigawa mafungu 54. Kila Jumamosi, ambayo ndiyo Sabato yao, husoma katika sinagogi fungu la wiki ile, na mwaka ukiwa mfupi huyaunganisha mengine mawili mawili. Siku wanayomaliza ndiyo siku wanayoanza tena. Zamani hawakuwa wote na desturi moja. Katika karne ya 12 msafiri wa Kiyahudi kutoka Hispania, Benjamin wa Tudela, alifika Misri akakuta masinagogi mawili: moja la watu wenye asili ya Iraq, waliokuwa wakiimaliza Taurati kwa mwaka mmoja, na jengine la watu wenye asili ya Sham, waliokuwa wakiimaliza kwa miaka mitatu. Mwanachuoni wao mkubwa, Musa bin Maimun, aliyekuwa tabibu huko huko Misri zama za Sultan Salahuddin na akafa mwaka 1204, aliandika kuwa desturi iliyoenea ni ile ya mwaka mmoja. Na ndiyo iliyoshika mpaka leo.

Pengine msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini sisi? Jawabu ni kuwa sisi tunaiamini Taurati aliyoteremshiwa Nabii Musa (A.S.), na tunaamini pia kuwa mikono ya watu iliingia baadaye ikageuza. Mtume wetu (S.A.W.) aliruhusu kusimulia khabari za Bani Israil, na akatufunza tusiyasadiki wala tusiyakadhibishe yale tusiyokuwa na dalili nayo. Basi linaloafikiana na Qur'ani tunalipokea, linalopingana nayo tunalikataa, na ambalo Qur'ani imelinyamazia tunalitazama kwa ibra, si kwa itikadi. Kwa mizani hiyo natutazame fungu moja, ambalo kisa chake kimo pia ndani ya Qur'ani yetu.

Fungu lenyewe huitwa kwa Kiebrania Shelah Lekha, maneno yenye maana ya kutuma watu kwa ajili yako. Limo katika kitabu cha nne, kile kiitwacho Hesabu, na kwa kawaida husomwa katika mwezi wa Juni. Kisa chake ni hiki. Bani Israil wamekwisha toka Misri, bahari wamekwisha ivuka kwa miguu mikavu, Firauni amekwisha angamia mbele ya macho yao. Sasa wako jangwani, karibu na mpaka wa nchi waliyoahidiwa. Nabii Musa akachagua watu 12, mmoja kutoka kila kabila, na wote walikuwa wakubwa wa watu wao. Akawatuma waende wakaitazame ile nchi: ardhi yake ina rutuba au haina, watu wake ni wengi au wachache, miji yao ina kuta au iko wazi.

Wakatembea siku 40, wakarudi na komamanga na tini, na kichala cha zabibu ambacho iliwabidi watu wawili wakichukue kwa mti mabegani. Wakasema: nchi ni njema, haina kasoro. Kisha wakatia "lakini". Watu wake ni wenye nguvu, miji yao ina maboma, na tumeona huko majitu ambayo sisi mbele yao tulijiona kama panzi, na wao ndivyo walivyotuona. Wawili tu kati ya 12, Yusha bin Nun na Kalib, walisimama wakasema kuwa nchi hiyo inaingilika, maadamu Mungu yuko pamoja nasi. Watu hawakuwasikiliza, bali walitaka kuwapiga mawe. Usiku ule umma mzima ulilia. Wakasema afadhali tungalifia Misri. Wakasema wake zetu na watoto wetu watatekwa. Wakafika hadi ya kusema natuchague kiongozi mwengine aturejeshe utumwani.

Qur'ani inatupa kiini cha kisa hiki katika Sura ya Al-Maida, kuanzia aya ya 20 mpaka ya 26. Mwenye tafsiri ya Marehemu Sheikh Abdullah Saleh Farsy nyumbani na aifungue asome na watu wake. Ataona jinsi Nabii Musa alivyowakumbusha neema za Mola wao kabla ya kuwaamrisha kuingia, na jinsi walivyojibu kuwa humo mna watu majabari na kuwa hawataingia mpaka hao watoke. Ataona watu wawili wenye kumcha Mungu waliosema: ingieni mlangoni tu, mkisha ingia mtashinda. Qur'ani haikuwataja majina, na wafasiri wengi wamesema kuwa ni hao hao Yusha na Kalib. Kisha ataona ufidhuli wa kutisha, pale walipomwambia Mtume wao aende yeye na Mola wake wakapigane, wao watakaa pale pale. Hukumu ikashuka: nchi imeharamishwa kwao miaka 40, watatangatanga jangwani.

Hapa pana tahadhari. Baadhi ya vitabu vimejaza ngano juu ya majitu hayo, kama kile kisa cha Uj bin Unuq ambaye ati kimo chake kilipita mawingu. Imamu Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 774 Hijriya, alizikataa ngano hizo kwa maneno makali. Na ni haki kukataliwa, kwani mwenye kumrefusha adui mpaka mawinguni anaifanya kazi ile ile waliyoifanya wapelelezi kumi.

Sasa natuingie katika mafunzo.

La kwanza ni amana ya khabari. Wale watu kumi hawakusema uwongo walipotaja miji yenye kuta, kuta zilikuwako. Walichoulizwa ni hali ya nchi, wao wakaleta na hukumu: hatuwezi. Hukumu hiyo hawakuagizwa. Ni mara ngapi katika mitaa yetu watu wametaka kujenga chuo, au kumsomesha yatima, wakamtuma mmoja wao aende akaulize gharama, naye akarudi na "haiwezekani" badala ya kurudi na hesabu? Mjumbe aliyeaminiwa akileta khofu yake mahali pa khabari, amekhini. Na kadiri mtu anavyokuwa mkubwa ndivyo khiana yake inavyoenea, kwani hawa walikuwa wakubwa wa makabila, na ndiyo maana neno lao la mchana likawa kilio cha umma usiku.

La pili ni hilo neno la panzi. Walisema wao wenyewe walijiona panzi, na hilo ni lao. Lakini walipoongeza kuwa na wenyeji waliwaona vivyo hivyo, hilo nani aliwaambia? Hawakumuuliza mwenyeji hata mmoja. Wanavyuoni wa Kiyahudi, baada ya fungu hili, hupanga kusomwa siku hiyo hiyo sehemu ya kitabu cha Yusha, inayosimulia mambo ya miaka 40 baadaye. Yusha, ambaye sasa ndiye kiongozi, alituma watu wawili tu, tena kwa siri, mpaka mji wa Ariha. Mwanamke mmoja wa mji ule akawaficha darini kwake, akawaeleza kuwa watu wa nchi ile nyoyo zao zimeyeyuka kwa kuwaogopa Bani Israil, tangu waliposikia kuwa bahari imekaushwa kwa ajili yao.

Zingatia, ndugu msomaji. Bahari ilikauka kabla ya wale 12 kutumwa. Maana yake, kwa masimulizi yao wenyewe, siku ile panzi walipokuwa wakitetemeka, majitu nayo yalikuwa yakitetemeka nyuma ya kuta zao. Miaka 40 ilipotea kwa kuogopa watu waliokuwa wakiogopa! Ndivyo alivyo mwenye kujidharau: hadhani kuwa amejidharau nafsi yake tu, bali huona kuwa dunia nzima imekubaliana naye. Na Muumini aliyeahidiwa na Mola wake, kisha akajiita panzi, hakuudharau mwili wake bali ameidharau ahadi.

La tatu, na hili ndilo linalotupasa wazee na wazazi, ni jambo la watoto. Watu wale walisema wanawaogopea watoto wao wasije wakatekwa. Udhuru mzuri kwa kuusikiliza! Lakini hukumu ilipokuja, waliokuwa na miaka 20 na zaidi ndio waliokufia jangwani, ila Yusha na Kalib, na watoto wale wale waliofanywa udhuru ndio walioingia katika nchi. Wameingia, lakini baada ya kutangatanga miaka 40 kwa kosa la baba zao, mwaka kwa kila siku ya upelelezi. Wazee wetu wamesema kwa muoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo ina mahali pake, humuonya mtu asijitie katika khatari ya bure. Lakini Mwenyezi Mungu akisha amrisha, mambo hupinduka, na kwa muoga ndiko kilio kiliko.

Basi tujihadhari na tunayoyasema mbele ya watoto wetu. Baba anayerudi jioni akasema sisi si wa kusoma, sisi si wa kufika popote, dini yetu haishikiki zama hizi, hudhani amepumua tu uchovu wake. Mtoto aliye kando ya sinia ya chakula amekwisha yameza. Khofu ya mzazi hairithiwi kama shamba, kwa kugawanywa. Kila mtoto huipata nzima.

La nne ni ujasiri uliochelewa. Walipoisikia hukumu, asubuhi yake baadhi yao wakajifunga silaha wakasema sasa tutakwenda. Nabii Musa akawakataza, kwani amri imekwisha ondolewa. Wakaenda kwa ubishi, wakapigwa wakatawanyika. Jana walikataa walipoambiwa nendeni, leo wakataka walipoambiwa kaeni. Utiifu una wakati wake, na majuto ni mjukuu.

Na usiku ule wa kilio je? Wanavyuoni wa Talmudi wanasema ulikuwa usiku wa tarehe 9 ya mwezi wao wa Av. Husimulia kuwa Mungu aliwaambia kuwa kwa vile mmelia bila ya sababu, nitaufanya usiku huu kuwa wa kilio kwa vizazi vyenu. Mpaka leo Mayahudi hufunga tarehe hiyo kuombolezea kuvunjwa kwa hekalu la kwanza na mfalme wa Babilonia mwaka 586 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), na la pili na Warumi mwaka 70. Sisi hatulazimiki kuikubali tarehe hiyo. Lakini maana yake ni nzito: kaumu imekiri yenyewe kuwa misiba yake mikubwa mizizi yake ni siku iliyokata tamaa ya rehema ya Mola wake.

Fungu lenyewe halimalizikii vitani, bali kwenye nguo. Wanaamrishwa watie vishada katika pembe za mavazi yao, wakivitazama wakumbuke amri za Mungu, wasifuate nyoyo zao na macho yao. Na neno la Kiebrania lililotumiwa hapo ni lile lile lililotumiwa kwa wale wapelelezi. Mfasiri wao Rashi, aliyeishi Ufaransa na akafa mwaka 1105, ameeleza kuwa moyo na macho ndio wapelelezi wa mwili: jicho huona, moyo ukatamani, mwili ukatenda. Nasi tumefunzwa katika Sura ya Al-Israa, aya ya 36, kuwa masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Kila mmoja wetu basi ana wapelelezi wake anaowatuma kila siku sokoni na njiani. Na watakaporudi na khabari, nani atawasahihisha asipokuwa yeye mwenyewe?

Masahaba walikijua kisa hiki, na walikitumia siku ya haja. Mwaka wa 2 wa Hijra, Ramadhani, Waislamu kiasi cha 313 walitoka Madina kuuwahi msafara wa biashara, ghafla wakajikuta wanaelekea kukutana na jeshi la Makureshi lililokaribia watu 1,000. Mtume (S.A.W.) akawataka shauri. Ndipo aliposimama Miqdad bin Amr (R.A.) akasema kuwa wao hawatamjibu kama Bani Israil walivyomjibu Musa, bali watapigana kuliani na kushotoni kwake, mbele yake na nyuma yake. Uso wa Mtume ukang'ara kwa furaha. Maadui wa Badr walikuwa wa kweli, wala Miqdad hakuwapunguza idadi yao. Alichokataa ni kuwa panzi.

Hiyo ndiyo faida ya kusoma khabari za waliotutangulia. Kisa kimoja, kaumu moja ikakiishi kwa kilio, na kaumu nyengine ikakisoma ikaokoka kwacho. Leo usiku, ewe mzazi, ukisha sali Isha waite watoto wako uwasimulie kisa cha wapelelezi 12. Wakikuuliza wewe ungalikuwa katika wale kumi au katika wale wawili, usikimbilie kujibu. Jawabu wataiona wao wenyewe, siku utakaporudi nyumbani na khabari nzito.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atutakasie nyoyo zetu na khofu isiyokuwa ya kumkhofu Yeye, na asiwatwike watoto wetu mzigo wa udhaifu wetu. Amin.