Mapigano ya Tabora (1916)

Mapigano ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ugomvi ulikuwa wa Ulaya: Ujerumani iliivamia Ubelgiji Agosti 1914, nayo Ubelgiji ikataka ardhi Afrika ya kujadiliana nayo vita vikiisha. Jeshi lake la Kongo, chini ya Charles Tombeur, liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, baada ya mapambano makali huko Itaga, karibu na mji huo. Kamanda wa Wajerumani, Kurt Wahle, akarudi nyuma. Pande zote askari wengi walikuwa Waafrika. Walioteseka zaidi ni wapagazi, Wanyamwezi wakiwemo: njaa, kuhara na malaria viliwaua zaidi kuliko risasi. Tombeur alipewa cheo cha Baroni wa Tabora. Baada ya vita Ubelgiji ikapata Rwanda na Burundi.