Mtu wa Nyota na Kipimo cha Mvua



Kila mwaka ifikapo Novemba, mkulima wa Nyanda za Juu Kusini hujiuliza swali lile lile: mvua hii ya kwanza ni ya kupandia, au ni ya kudanganya? Akipanda mapema mno, mbegu hukauka ardhini. Akichelewa, mahindi hayakomai kabla ya mvua kukatika. Huku kwetu msimu ni mmoja tu, na kosa la juma mbili laweza kuleta njaa ya mwaka mzima. Juma hili napenda tumtazame mtu mmoja aliyejaribu kulijibu swali la mvua kwa tarakimu. Tujiulize pia: tarakimu hizo zilikusanywa na nani, na kwa faida ya nani?

Mtu huyo ni Albert Walter, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1877. Mwaka 1897, angali kijana, alikwenda kisiwani Morisi kufanya kazi katika Royal Alfred Observatory, kituo kilichojengwa Pamplemousses kwa ajili ya kuchunguza anga. Siku hizo elimu ya nyota na elimu ya hali ya hewa zilikaa chini ya paa moja. Watumishi wale wale waliopiga picha za jua na kutunza saa sahihi kwa ajili ya mabaharia ndio waliopima mvua na upepo, na kufuatilia tufani zilizokipiga kisiwa.

Mwanzilishi wa kituo hicho, Charles Meldrum, Mskoti aliyekuwa mwalimu wa hisabati, alikuwa ameacha wazo lililowavutia wengi. Mwaka 1872 alieleza kwamba tufani za Bahari ya Hindi huongezeka katika miaka ambayo uso wa jua una madoa mengi. Madoa hayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Kama Meldrum alisema kweli, basi mtu angeweza kulitazama jua na kuijua dhoruba miaka kadhaa kabla haijafika.

Walter alishika njia ya taratibu zaidi. Mwaka 1910 alichapisha kitabu juu ya kilimo cha miwa Morisi, akilinganisha mavuno ya miaka mingi na mvua, joto na tufani za miaka hiyo. Alipendekeza pia bima ya kuwakinga wenye mashamba dhidi ya hasara za tufani. Hapo mtaalamu wa nyota alikuwa ameinamisha macho, akatazama shamba.

Mwaka 1929 idara ya pamoja ya hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki iliundwa, makao yake yakiwa Nairobi, ili kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Walter akawa mkurugenzi wake. Hakuanza na meza tupu. Wakati wa Wajerumani kulikuwa na ofisi ya hali ya hewa Dar es Salaam, na vipimo vya mvua viliwekwa bomani, mashambani na katika misioni, za Kikatoliki na za Kiprotestanti. Lakini vita ya 1914 hadi 1918 ilikata kumbukumbu nyingi.

Serikali za kikoloni zilikuwa na haja gani kubwa ya idara hiyo? Tuseme ukweli: haja iliyosukuma zaidi ilikuwa ndege. Mwaka 1932 kampuni ya Imperial Airways ilifungua safari za kutoka London hadi Cape Town, na Mbeya, mji uliokuwa na umri wa miaka mitano tu, ukawa kituo kimojawapo njiani. Rubani aliyetoka Dodoma alitaka kujua kama mawingu yameifunika milima yetu. Mwaka 1937 ndege kubwa za majini zilishika njia ya pwani, na Mbeya ikaachwa kando. Hivyo habari za anga la Mbeya zilitakiwa kwanza na msafiri aliyepita juu yake, kabla ya mkulima aliyeishi chini yake.

Na kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Mbinu za utabiri zilizofaa Ulaya hazikufaa karibu na ikweta. Tena mvua yetu ina ubaguzi. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, lakini uwanda wa Usangu, ng'ambo ya milima, hupata chini ya nusu ya hizo. Kipimo kimoja hakiwezi kusema kwa niaba ya nchi nzima. Vilihitajika vipimo vingi, na miaka mingi.

Wapo waliotamani njia fupi. Mwaka 1923 mtaalamu Mwingereza, C. E. P. Brooks, alionyesha kwamba tangu 1896 kina cha Ziwa Viktoria kilipanda na kushuka pamoja na madoa ya jua. Ulinganifu ulikuwa wa kushangaza, na ilionekana kama ufunguo umepatikana. Lakini kabla miaka kumi haijapita, ziwa na jua vilianza kuachana. Kisha mvua kubwa za 1961 na miaka iliyofuata zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili, bila kujali madoa. Leo tunajua kwamba mwaka 1961 chanzo kikubwa kilikuwa Bahari ya Hindi, ambayo upande wetu wa magharibi ilikuwa na joto kuliko kawaida. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema ni dalili moja tu.

Kongwa ilitoa somo chungu zaidi. Mwaka 1946 wajumbe kutoka Uingereza walizunguka nchi yetu kwa majuma machache, wakapendekeza mashamba makubwa mno ya karanga. Mitambo ililetwa, pori la Ugogo likafyekwa. Mvua hazikutosha, na udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Wagogo waliujua ukame wa nchi yao kwa vizazi vingi. Haraka haraka haina baraka.

Ndiyo maana napenda tuwakumbuke wale ambao majina yao hayamo vitabuni: karani wa boma, mwalimu wa shule, bruda wa misioni, mtunza bustani. Kila siku saa tatu asubuhi mtu alikwenda kwenye kopo la shaba, akamimina maji katika kichupa chenye mistari, akasoma, akaandika. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita ya mraba. Siku isiyo na mvua aliandika sifuri, na sifuri hiyo ilikuwa na thamani sawa na tarakimu nyingine zote, kwani siku isiyoandikwa haiwezi kupimwa tena. Haba na haba hujaza kibaba.

Idara ya Nairobi ilidumu hadi Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu kwa ajili ya mikoa yetu ya Mbeya, Iringa na jirani zake, ukieleza mvua zinatarajiwa kuanza lini na kwa kiasi gani. Utabiri huo umesimama juu ya mabega ya waliokwenda kwenye kopo kila asubuhi. Ila haujamfaa mkulima mpaka umfikie kwa wakati na kwa lugha anayoielewa, naye aulinganishe na anachokijua kuhusu shamba lake. Basi, atakayeusikia kwanza redioni mwaka huu na ampelekee jirani yake asiye na redio, kabla hajapanda.