Ngazi iliyojengwa kuanzia juu

Ukitafuta kozi ya kitaalamu mtandaoni, utakuta zimepangwa katika viwango: wanaoanza, wa kati, waliobobea. Je, nani huamua mipaka hiyo? Leo tuangalie vyeti vya Cisco, maana historia yake inafunza mengi.

Cisco ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka wa 1984, maarufu kwa ruta na swichi. Mwaka wa 1993 ilizindua CCIE, cheti cha mabingwa. Naam, walianza na mabingwa! Mtihani wake wa vitendo ulichukua siku mbili: unajenga mtandao wa tarakilishi, kisha unaharibiwa makusudi nawe unatafuta kasoro. Oktoba 2001 ukapunguzwa kuwa wa siku moja.

Wengine wangeanzia wapi? Mwaka wa 1997 Cisco ilianzisha Networking Academy, baada ya kuona shule zina vifaa lakini hazina watu wa kuvitunza. Mwaka wa 1998 ikaja CCNA, cheti cha kuingilia kazini. Mwaka wa 2007 ikaongezwa CCENT chini yake. Hiyo ikafutwa Februari 2020, na mwaka wa 2023 ikaja CCST kwa wanaoanza kabisa. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hapa ngazi yenyewe ndiyo iliyoshuka.

Sasa tazama CCNA. Mwaka wa 1998 ilikuwa kidato cha chini. Mwaka wa 2007 ilikuwa na kingine chini yake. Kiwango kinakuonyesha mahali pa kozi katika ngazi ya anayeiuza, hakikupimi wewe. Tena CCNA haidai cheti cha awali, lakini Cisco yenyewe inashauri uwe na uzoefu wa mwaka mmoja au zaidi. "Hakuna masharti" si sawa na "huhitaji kujua chochote".

Kwa hivyo kabla ya kulipa, soma orodha ya mada, kisha jaribu maswali machache ya mazoezi. Ukiyajibu yote bila shida, panda kidato kimoja. Ukikwama kwenye maneno ya swali lenyewe, teremka kimoja, si aibu. Ada ya kozi isiyokufaa hairudi kwa urahisi, na miezi uliyoitumia hairudi kabisa.