Alama za AP: zilianzia wapi, na zipelekwe chuoni lini?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wapo wenzetu ambao watoto wao wanasoma Marekani, au katika shule zinazofuata mtaala wa huko, na swali lao ni hili: "Ustadh, mtoto amefanya mitihani ya AP. Alama zipelekwe chuo kikuu sasa au tungoje?" Jibu tulitafute katika asili ya mtihani wenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, walimu wa Marekani waliona kwamba wanafunzi wa shule bora za sekondari wakifika chuo kikuu hufundishwa tena yale waliyokwisha kuyasoma. Mwaka 1952 ilitoka ripoti ya walimu wa shule tatu, Andover, Exeter na Lawrenceville, pamoja na wenzao wa Harvard, Princeton na Yale. Wakati huohuo Gordon Chalmers, mkuu wa chuo cha Kenyon, aliongoza mpango wa kufundisha masomo ya ngazi ya chuo sekondari. Kazi zote mbili zilisaidiwa na fedha za Ford Foundation. Mwaka 1955 College Board, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1900, iliupokea mpango huo, na mwaka 1956 ikasimamia mitihani yake ya kwanza.

Basi lengo la asili lilikuwa kumpanga mwanafunzi katika darasa linalomfaa akishafika chuoni. Kuzitumia alama hizo kuombea nafasi kulikuja baadaye.

Sisi tunaijua ijaza. Aliyekamilisha kitabu kwa sheikh wake alipewa ijaza, na akihamia mji mwingine ilimtambulisha kwa wanavyuoni wa huko. Hakuitangaza sokoni, aliitoa mahali ilipohitajika.

Na alama za AP ni hivyo hivyo. Mitihani hufanywa Mei, na alama, kuanzia 1 hadi 5, hutoka Julai. Wakati wa kuomba nafasi, vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kuandika alama zake mwenyewe katika fomu. Alama rasmi kutoka College Board huhitajika akishakubaliwa na kuchagua chuo.

Kila mwaka wa mtihani mwanafunzi hupata nafasi moja ya kutuma bure, akitaja chuo kabla tarehe 20 Juni haijapita. Baada ya hapo hulipa. Aliye mwaka wa mwisho na ameshachagua chuo, aitumie nafasi hiyo. Aliye nyuma asiharakishe, kwa sababu atakuwa anatuma kabla hajaziona alama, na ripoti hubeba alama za miaka yote isipokuwa akiomba baadhi zizuiwe. Lakini asome kwanza masharti ya chuo chenyewe: kuna kinachokubali 3, kuna kinachotaka 5, na kuna kisichompunguzia masomo hata kidogo. Penye kupunguziwa, mzazi huokoa karo nyingi.

La mwisho ni amana. Kijana aliyepata 3 akaandika 5 atafichuka siku alama rasmi zitakapofika, na chuo kinaweza kumnyang'anya nafasi. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ile 3. Wazazi, kaeni na watoto wenu mnapojaza fomu hizo.

Wabillahi tawfiq.