Gramafoni za hendeli: mota iliyoleta santuri Bukoba kabla ya umeme

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kagera ilikuwa ikitoka Uganda, kutoka Masaka hadi kituo cha Kyaka. Kabla nyaya zozote za umeme hazijafika, usiku wa Bukoba na Muleba ulikuwa wa kandili na karabai. Muziki wa dukani, hata hivyo, ulikuwepo. Ulitoka ndani ya sanduku lenye hendeli ubavuni: mtu anaizungusha mpaka mkono uone uzito, anaweka sahani ya santuri, anashusha sindano, na kwa dakika tatu hivi mwimbaji wa Unguja anasikika katikati ya migomba.

Anayeikumbuka gramafoni hukumbuka pembe lake la shaba, au picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Mota haikumbukwi sana, ingawa ndiyo iliyofanya kazi yote. Bila mota, pembe ni pambo la sebuleni. Tena waliobuni mota hiyo walijua kwamba siku moja itachoka, kwa hiyo waliifunga kwa skrubu ili ifunguke. Ndiyo maana gramafoni iliyosahaulika darini, katika nyumba ya kata ya Kitendaguro au kijiji cha Muleba, bado inaweza kuimba leo kwa msaada wa bisibisi, mafuta ya taa na fundi mwenye subira.

Mkono wa Edison, springi ya Johnson

Mwaka 1877 Thomas Edison alipounda mashine yake ya kunasa sauti, aliizungusha kwa mkono. Kasoro ilijitokeza papo hapo. Mkono ukiharakisha, sauti inapanda na kuwa nyembamba. Mkono ukichoka, sauti inashuka na kukoroma. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuja na gramafoni ya sahani bapa. Mashine zake za mwanzo nazo zilizungushwa kwa mkono, na wimbo uliharibika vilevile.

Dawa ilipatikana mwaka 1896 katika karakana ndogo ya Eldridge Johnson mjini Camden, New Jersey. Johnson alimtengenezea Berliner mota ya springi iliyoweza kuzungusha sahani kwa mwendo mmoja tangu wimbo uanze hadi uishe. Tangu hapo gramafoni ikaacha kuwa kichezeo. Mwaka 1901 Johnson alianzisha Victor Talking Machine Company. Uingereza nako, Gramophone Company ilikuwa imeshanunua mchoro wa Francis Barraud wa mbwa Nipper mwaka 1899, na kutokana na mchoro huo ikapata jina la His Master's Voice, yaani HMV. Mwaka 1907 kampuni hiyo ilianza kujenga kiwanda chake huko Hayes, magharibi mwa London.

Walioshika soko la mota walikuwa watu wa kazi ndogondogo za chuma. Garrard wa Swindon, Uingereza, walianza kuziunda baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Thorens na Paillard walitoka Sainte-Croix, mji wa Uswisi uliojulikana kwa visanduku vya muziki na kazi za saa. Ukifungua mota ya gramafoni na saa kubwa ya ukutani, utaona undugu wao mara moja: springi, msururu wa magurudumu ya meno, na kifaa cha kudhibiti mwendo.

Kilichoifikisha gramafoni vijijini ni aina ya mkoba. Decca walitoa yao mwaka 1914, na askari wa Uingereza wakaingia nayo mahandakini. HMV walitoa namba 101 mwaka 1925, kisha namba 102 mwaka 1931, ambayo iliendelea kuuzwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Aina hizi hazina pembe la nje. Njia ya sauti imefichwa ndani ya sanduku. Mtu aliweza kufunga mfuniko, akashika mpini na kuondoka na muziki wake.

Reli, meli na kahawa

Mji wa Bukoba ulianza kama kituo cha Wajerumani kilichoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Kwa muda mrefu njia yake kuu ya kwenda duniani haikupita Dar es Salaam. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli za mvuke zilizunguka Ziwa Victoria kupeleka mizigo katika bandari zake. Bidhaa ya Ulaya iliyoshuka Mombasa ilipanda treni, ikapanda meli, ikateremshwa Bukoba. Reli ya kutoka Tabora haikufika Mwanza hadi mwaka 1928.

Fedha ilitoka kwenye kibanja. Kahawa iliyopandwa kati ya migomba iliwapa Wahaya kipato ambacho sehemu nyingi za Tanganyika hazikuwa nacho, na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi yakajaa baiskeli, mabati, cherehani na bidhaa nyingine zilizofuata bei ya kahawa. Mwaka 1950 wakulima walisajili chama chao kikuu cha ushirika, Bukoba Native Cooperative Union.

Mwaka huohuo wa 1928 ambao treni ilifika Mwanza, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya HMV. Hadi wakati huo mwenye gramafoni Afrika Mashariki alisikiliza zaidi nyimbo za Kiarabu, za Kihindi na za Kizungu. Sasa alipata sahani za Kiswahili, zenye visa vya mitaa anayoielewa. Kampuni nyingine, zikiwemo Odeon na Columbia, zilifuata soko hilo. Kuanzia mwaka 1933 HMV ilitoa pia mfululizo wa GV, sahani za muziki wa Cuba zilizoenea Afrika na kuchangia kuzaliwa kwa rumba ya Kongo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Kinshasa ya leo ikawa na kampuni zake. Mojawapo, iliyoitwa Ngoma, ilianza mwaka 1948.

Buhaya nayo ilikuwa na muziki wake kabla ya haya yote. Wapiga enanga walisimulia tenzi ndefu za mashujaa kwa nyuzi za ala hiyo, na msomi Mugyabuso Mulokozi ameandika mengi juu ya sanaa hiyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi enanga ya Wahaya katika ziara yake ya Tanganyika. Lakini utendi wa enanga huweza kuchukua saa nzima na zaidi, ilhali upande mmoja wa sahani ya inchi kumi ni dakika tatu. Santuri ilipendelea wimbo mfupi, na wimbo mfupi ndio uliosafiri.

Ndani ya mota

Ondoa skrubu za pembeni, inua ubao wenye sinia la kuwekea sahani, na mota itakuja nao ikining'inia chini. Kitu kikubwa kuliko vyote ni kopo la chuma. Ndani yake kuna springi: utepe wa chuma cha pua wenye upana wa takriban inchi moja na urefu wa mita tatu au zaidi, uliozungushwa na kupakwa grisi yenye unga wa grafiti. Hendeli inaukaza, ukilegea unazungusha kopo, kopo linazungusha magurudumu ya meno, na magurudumu yanazungusha sinia.

Springi peke yake ingezungusha kwa fujo, kwa kasi mwanzoni na kwa uvivu mwishoni. Kinachoituliza ni gavana. Hii ni ekseli nyembamba inayozunguka haraka mara nyingi kuliko sinia, ikiwa na springi bapa tatu, na kila springi ina kizito kidogo katikati. Mwendo ukizidi, vizito vinatanuka kwenda nje, springi bapa zinapinda, na kisahani cha chuma kinavutwa hadi kugusa kipande cha ngozi. Msuguano huo unapunguza mwendo. Ukipungua mno, vizito vinarudi, ngozi inaachia. Mzozo huo mdogo unaendelea muda wote wa wimbo, na msikilizaji haujui. Kile kijiti cha kurekebisha spidi kilichoandikwa namba 78 hakifanyi kingine ila kusogeza ngozi hiyo karibu au mbali.

Magonjwa na tiba

Adui wa kwanza wa mota hapa Bukoba ni unyevu. Mji huu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na chuma kilichokaa darini miaka arobaini hakiwezi kusalimika. Adui wa pili ni grisi yenyewe. Ikizeeka inakuwa ngumu kama nta, mizunguko ya springi inanatana, kisha inaachia kwa ghafla. Ndicho kile kishindo cha "du!" kinachosikika wimbo ukiendelea, na sindano ikaruka mstari.

Tiba ni kuitoa springi, kuiosha kwa mafuta ya taa, kusugua kutu kwa msasa laini na kuipaka grisi mpya. Hapa ndipo mafundi wasio wazoefu huumia. Springi lazima ilegezwe yote kabla ya kopo kuguswa, na hata ikishalegea bado inasukuma kuta za kopo. Ikichomoka bila kushikwa vizuri, hukata vidole. Vaa glovu nene, itoe mzunguko mmoja mmoja kuanzia katikati, na mtoto asikae karibu.

Ikiwa springi imekatika, tazama ilipokatikia. Mara nyingi ni ncha ya ndani, palipo na tundu la kushika ekseli. Fundi hupasha ncha hiyo moto hadi iwe nyekundu, huiacha ipoe polepole ili ilainike, hutoboa tundu jipya na kuikunja upya. Sehemu nyingine ya utepe haipaswi kuguswa na moto, maana itapoteza nguvu ya kurudi. Kusoma rangi ya chuma kwenye moto si elimu ngeni katika nchi hii: watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 katika jarida la Science kuhusu wafua chuma wa kale wa Buhaya, ambao tanuri zao zilitoa chuma cha hali ya juu tangu yapata miaka 2,000 iliyopita. Springi ikikatika katikati, basi ni ya kubadilisha. Mpya bado zinatengenezwa na kuuzwa Uingereza na Marekani.

Gavana inahitaji jicho. Springi zake tatu lazima ziwe sawa kwa unene na vizito vyake sawa kwa uzani. Moja ikikatika na kuwekewa isiyolingana, sauti hutetemeka. Ngozi yake inataka tone moja la mafuta mepesi. Ikikauka, mota hulia kwa mlio mwembamba. Baada ya yote, weka kipande cha karatasi chini ya sahani kijitokeze ukingoni, shika saa, uhesabu. Karatasi ikipita mara 78 kwa dakika moja huku sindano ikiwa juu ya wimbo, kazi imekwisha.

Kilichobaki ni kichwa cha sauti, kile kinachoshika sindano. Vichwa vya zamani vina kiwambo cha ulanga, madini yaleyale yaliyochimbwa milima ya Uluguru tangu enzi za Wajerumani. Vya baadaye ni vya alumini. Mpira unaokizunguka kiwambo ukikauka, sauti hukwaruza, na kuubadilisha ni kazi ya nusu saa. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja wa sahani, kisha inatupwa. Anayeitumia tena na tena analima santuri yake.

Kilichoiondoa, na kinachoimaliza

Gramafoni ya springi haikuondolewa na ubovu. Kituo cha redio cha Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na miaka ya 1960 redio ndogo za transista za betri zikaleta taarifa ya habari na muziki bila kununua sahani. Santuri za mizunguko 78 zikapisha za plastiki za mizunguko 45 na 33, ambazo gramafoni ya hendeli haiziwezi: mkono wake mzito na sindano yake ya chuma huziharibu kwa kupigwa mara moja tu.

Baadaye yakaja mambo yaliyotawanya mali za ndani za watu wa mkoa huu: vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kisha tetemeko la Septemba 10, 2016 lililobomoa maelfu ya nyumba. Siku hizi anayezimaliza ni mnunuzi wa chuma chakavu, anayepima urithi kwa kilo. Upande mwingine kuna gramafoni mpya za mapambo zinazotoka India, zenye pembe linalong'aa na nembo ya mbwa ya kughushi, ambazo mara nyingi hupachikwa mota zilizotolewa katika mashine za zamani. Yaani gramafoni halisi inauawa ili ya bandia izunguke.

Kwa hiyo, msomaji mwenye sanduku la babu au bibi nyumbani, usilizungushe kwa nguvu kujaribu kama ni zima, na usiliuze kabla hujajua lilivyo. Tafuta fundi saa wa mtaani kwako. Anajua tayari springi ni nini. Andika lilinunuliwa na nani, lini, kwa mavuno gani ya kahawa, na sahani zipi zilikuja nalo. Ukishindwa kulitunza, lipeleke mahali kama Makumbusho ya Kagera pale Nyamukazi. Na vyuo vyetu vya ufundi vingefanya vema kuweka mota moja ya namna hii mbele ya wanafunzi. Itawafundisha kwa siku moja chuma, msuguano na mwendo, tena bila kusubiri umeme urudi.